Kukausha mchaichai, mlonge na mnanaa nyumbani kwa vifaa vya kujitengenezea: mwongozo kamili

Watu wengi hukausha majani kama wanavyokausha mahindi: wanayatandaza juani kutwa, magharibi wanayakusanya. Yanakauka, hilo halina ubishi, ila yanatoka yamepauka, harufu imekwisha, na ukiyatia kwenye birika unapata maji ya moto yenye rangi tu. Kinachokausha jani ni hewa inayopita. Kazi ya jua ni kuipasha hewa hiyo, na jua linaweza kuifanya kazi hiyo bila kuligusa jani. Ukilishika hilo, vifaa vyote nitakavyovieleza utavielewa haraka, na hata ukikosa mbao za vipimo nilivyotaja utajua pa kupunguza na pa kuongeza.

Jua kali linaharibu mambo mawili. Linavunja ukijani pamoja na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ndiyo sababu kubwa ya watu kuuhangaikia mlonge. Halafu linaliunguza jani hadi mafuta yanayobeba harufu yanaruka. Ukisimama hatua kadhaa kutoka kwenye mnanaa ulioanikwa na harufu ikakujaa puani, usifurahi: hayo ndiyo mafuta uliyotaka yabaki kwenye chupa.

Hewa ya kwenu ikoje?

Mtu wa Dodoma au Singida, wakati wa kiangazi, hana haja ya kusoma mwongozo huu wote. Ungo safi barazani, kivulini, upepo ukipita, kazi imekwisha. Sisi wa Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na visiwani tuna shida nyingine. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 80 imekaribia kushiba maji, kwa hiyo inayavuta maji ya jani kwa uvivu mno, na jani linalokauka kwa uvivu huota ukungu au kugeuka jeusi kabla halijakauka.

Dawa yake ni kuipasha hewa. Hewa hiyo hiyo ikipanda hadi nyuzi 40, unyevu wake unashuka mpaka asilimia 46 hivi. Ikifika nyuzi 45 unakuwa kama asilimia 35. Maji yaliyomo ni yale yale, lakini hewa ya moto ina uwezo mkubwa zaidi wa kubeba mvuke, kwa hiyo inalifyonza jani vizuri. Nyuzi kumi tu zinaigeuza hewa ya Tanga kuwa hewa ya bara. Kaushio la jua halina siri zaidi ya hiyo.

Kama uko milimani, Lushoto kwa mfano, penye baridi na ukungu wa asubuhi, nawe pia unahitaji kaushio, na uvumilivu wa kungoja jua litoke sawasawa.

Majani yanayostahili kazi hii

Rozimeri ndiyo rahisi kuliko yote. Hata ukiisahau jikoni itakauka na kubaki na harufu. Mchaichai, majani ya mdalasini na mnanaa hufuata. Mlonge unakauka upesi kwa sababu vijani vyake ni vidogo na vyembamba, lakini unaharibika upesi vilevile. Mrehani unahitaji uangalizi: ukichelewa kukauka unakuwa mweusi, na hata ukikauka vizuri unapoteza sehemu ya harufu yake.

Kotmiri, ile jirani zetu wa Kenya wanayoiita dania, usijisumbue nayo. Ikikauka inabaki nyasi. Iache itoe mbegu, ukaushe giligilani yake, hapo utakuwa umepata kitu. Choya, yaani rosela, inakauka vizuri, ila ni nene na yenye majimaji, kwa hiyo iondoe kokwa, ipasue na uipe muda mrefu zaidi ya majani.

Kuchuma

Chuma asubuhi baada ya umande kukauka, kabla jua halijawa kali. Ukichuma na umande unaongeza maji unayotaka kuyaondoa. Ukichuma saa nane mchana, sehemu ya harufu imeshakwenda na upepo. Mnanaa na mrehani vichumwe vinapoanza kutunga maua, kabla hayajafunguka, maana ndipo mafuta yanapokuwa mengi. Usichume siku iliyofuata mvua kubwa. Mwachie mmea siku moja ya jua.

Mchaichai ukatwe kwa kisu kikali, sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, shina libaki lichipue. Vaa glavu au funga kitambaa mkononi kwa sababu kingo zake zinachana vidole. Mlonge uvunjwe vitawi vyenye majani yaliyokomaa lakini ya kijani. Ya njano yaachwe.

Chuma kinachotosha kaushio lako kwa siku hiyo. Majani yanayosubiri zamu yakiwa yamerundikwa kwenye kiroba hupata joto yenyewe kwa ndani, na ndani ya saa chache yale ya katikati yanaanza kuharibika.

Kuosha na kukamua maji

Osha kwa maji safi kwenye beseni, badilisha maji mpaka yawe meupe. Mlonge wa kusagwa unga uloweke dakika 3 hadi 5 kwenye maji ya chumvi, gramu 10 kwa kila lita, kisha suuza tena kwa maji safi. Mikono yako nayo uiingize kwenye hesabu hiyo hiyo ya usafi: unga wa mlonge mara nyingi huliwa bila kupikwa, ukinyunyizwa kwenye uji, kwa hiyo uchafu ulioingia hapa utafika kinywani.

Kung'uta, tandaza juu ya kanga kavu ya pamba, funika kwa nyingine na ugandamize taratibu. Usikamue. Jani lililopondeka linakuwa jeusi palepale lilipoumia. Lisifike kwenye kichanja likiwa na tone la maji juu yake.

Sasa tayarisha kila jani kwa namna yake. Mlonge unapukuchwa, vijiti vyote vitupwe, maana vinachelewa kukauka na vinarudisha unyevu kwenye majani. Mchaichai unakatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3 ungali mbichi. Ukingoja ukauke utaukata kwa jasho. Sehemu nene ya chini ipasuliwe kwa urefu na ikaushwe peke yake. Mnanaa na mrehani majani yaondolewe kwenye mashina. Rozimeri iache na vitawi vyake, majani yatapukutika yenyewe mwishoni.

Njia ya kwanza: mafungu ya kuning'iniza

Hii ni ya rozimeri na vitu vyenye vijiti vigumu. Funga vitawi vichache, unene wa fungu usizidi kidole gumba kwenye shina, ning'iniza vichwa chini mahali penye kivuli na upepo. Fungu nene linaota ukungu katikati huku nje likionekana kavu. Funga kwa mpira au kamba inayoweza kukazwa, kwa sababu vijiti vinasinyaa na kuanza kudondoka. Penye vumbi, vesha fungu mfuko wa kaki uliotobolewa matundu mengi. Jikoni juu ya mkaa hapafai, moshi una ladha yake. Hesabu wiki moja hadi mbili.

Njia ya pili: ungo na kichanja

Ungo ni kichanja kizuri kilichokwisha tengenezwa. Hewa inapenya kidogo chini, na ni mwepesi kuingiza ndani mvua ikitisha. Ukitaka zaidi, tengeneza fremu ya mbao nyembamba, upana sentimita 58 na kina sentimita 45, uiwambe wavu wa nailoni wa madirishani. Vipimo hivyo nimevitoa makusudi: vichanja hivi vitaingia kwenye kaushio tutakalolijenga hapo chini, kwa hiyo hutafanya kazi mara mbili.

Hapa pana jambo moja zito. Usitumie chandarua cha mbu kilichotiwa dawa, hata kikiwa kikuukuu. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki vimewekwa kiuatilifu kwenye uzi wenyewe, na kufua hakukiondoi chote. Wavu wa dukani usio na dawa, au kitambaa cha shashi, ndivyo vinavyofaa. Wavu wa chuma uliopakwa zinki nao uuache, hasa kwa choya ambayo ni chachu na inakula metali.

Kuwamba wavu kuna ufundi mdogo. Ukate uwe mkubwa kuliko fremu kwa sentimita 4 kila upande. Pigilia katikati ya upande mmoja kwanza, vuta hadi upande wa pili na upigilie katikati yake, kisha pande mbili zilizobaki, ndipo uelekee kwenye pembe. Ukianzia pembeni utapata tumbo katikati, na majani yote yatajikusanya hapo. Kingo za wavu zikunjwe mara mbili kabla ya msumari, la sivyo utachanika wiki ya kwanza.

Tandaza safu moja nyembamba. Uuone wavu kati ya jani na jani. Funika kwa shashi kuzuia inzi na vumbi. Kichanja kisimame juu ya miguu, na kila mguu uwe ndani ya kopo lenye maji kidogo, sisimizi wasipande. Kuku na mbuzi unawajua mwenyewe.

Kuna wanaoweka vichanja kwenye gari lililoegeshwa juani, madirisha yakiwa wazi kidogo na majani yamefunikwa kitambaa. Inawezekana, ila gari hupita nyuzi 50 kwa urahisi, kwa hiyo ni mbinu ya siku za jua la wastani. Faida ya pembeni ni gari kunukia mchaichai.

Njia ya tatu: kaushio la jua

Hili ndilo jibu la watu wa mwambao. Lina sehemu mbili: sanduku la joto linalolala kimshazari, na kabati la vichanja linalosimama mwishoni mwake. Hewa inaingia chini ya sanduku, inapata moto, inapanda yenyewe, inapita kwenye majani na kutokea juu ya kabati. Hakuna feni wala umeme.

Mahitaji ni mbao za inchi 2 kwa 2, plaiwudi, kipande cha bati cha mita 1 kwa sentimita 60, rangi nyeusi isiyong'aa, nailoni angavu, wavu, bawaba mbili na misumari. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zitumike kwenye miguu tu; zilizo karibu na majani ziwe kavu na zisizo na dawa. Nailoni nzuri ni ile ya kitalu nyumba. Ya kawaida inafanya kazi vilevile, ila jua litaikausha na kuipasua ndani ya miezi michache.

Anza na sanduku la joto. Liwe na urefu wa mita 1, upana sentimita 60 na kina sentimita 15. Chini ni plaiwudi. Juu ya plaiwudi pigilia vipande vya mbao vya sentimita 3, jaza katikati yake usumba mkavu wa nazi, kisha lazia bati. Usumba unazuia joto lisipotelee chini. Bati lipakwe rangi nyeusi upande wa juu. Uso wa sanduku ufunikwe kwa nailoni iliyokazwa vizuri, ikae mbali na bati ili hewa ipite katikati yake. Ncha zote mbili fupi ziachwe wazi, ya chini ikiwa imewambwa wavu wa kuzuia wadudu.

Kabati lina upana wa sentimita 60, kina sentimita 50 na urefu sentimita 80. Pande zake ni plaiwudi tupu, kwa sababu humu jua halitakiwi kabisa. Mbele, chini kabisa, toboa nafasi inayolingana na mdomo wa sanduku la joto, uviunganishe na kuziba nyufa kwa vitambaa au udongo wa mfinyanzi. Nyuma weka mlango. Juu ya mlango, upana wote wa kabati, acha nafasi ya sentimita 12 yenye wavu. Hapo ndipo mvuke unatokea. Tundu la kutokea lisiwe dogo kuliko la kuingilia, maana hewa ikibanwa inageuka kuwa mvuke wa kupikia. Paa litokeze nje kidogo na liiname.

Ndani, pigilia vijiti vya kubebea vichanja vinne, vikipishana sentimita 12. Kichanja kina sentimita 45 na kabati lina 50, kwa hiyo inabaki nafasi ya sentimita 5. Cha kwanza kisukume mbele, cha pili kivute nyuma, cha tatu mbele tena. Hewa italazimika kuzunguka juu ya kila kichanja badala ya kupita njia ya mkato. Vinne hivyo vinakupa takriban mita moja ya mraba, na hiyo inabeba kama kilo moja ya majani mabichi. Ukizidisha hapo unajidanganya.

Ncha ya chini ya sanduku ikae sentimita 30 kutoka ardhini na ya juu kama 65. Kwa Tanzania, kuanzia Aprili hadi Agosti jua la mchana liko kaskazini, kwa hiyo uso wa sanduku uelekee huko. Kwa sisi wa mwambao, huko ndiko kibla. Novemba hadi Januari ligeuze lielekee kusini. Miezi mingine jua liko karibu na utosi, angalia tu pasiwe na kivuli cha mwembe.

Kabla ya kuweka jani lolote, liache juani tupu siku mbili au tatu mpaka harufu ya rangi iishe. Kisha lijaribu: jua likiwa kali, washa kijiti cha udi na ukishike kwenye mdomo wa chini. Moshi unapaswa kuvutwa ndani na kutokea juu. Ukisitasita au ukirudi, kuna ufa mahali fulani au tundu la juu ni dogo.

Weka kipimajoto kwenye kichanja cha chini. Mnanaa, mrehani na mchaichai vinataka nyuzi 35 hadi 45, na mlonge usipite 50. Joto likizidi, funika sehemu ya nailoni kwa gunia au fungua mlango kidogo. Vichanja vya chini vinakauka kwanza, hivyo vibadilishe nafasi mchana. Siku ya jua zuri mlonge unaweza kumalizika siku hiyo hiyo. Mnanaa na mchaichai huchukua siku moja hadi mbili, na zaidi mawingu yakiwepo.

Jioni, kabla ya magharibi, ingiza vichanja ndani na uvifunike kwa kitambaa kikavu. Usiku hewa inapoa, unyevu wake unapanda, na majani yanayanywa tena yale maji uliyoyaondoa mchana. Msimu wa masika usianze kazi kubwa; ukilazimika, chuma kidogo kidogo.

Yamekauka au bado?

Chukua jani moja la mnanaa, likunje kwenye mshipa wa katikati. Likikunjika kimya na kubaki limekunjika, bado. Likivunjika kwa mlio lakini mshipa ukabaki umeshika vipande viwili, ongeza saa chache. Likivunjika pamoja na mshipa, tayari. Lipime likiwa limepoa, kwa sababu jani la moto ni laini hata likiwa kavu. Vitawi vya rozimeri vivunjike, visipinde.

Mwenye mizani apime. Kilo moja ya majani mabichi hubaki robo kilo au pungufu, na uzito ukiwa haubadiliki tena kati ya asubuhi na jioni, maji yamekwisha.

Kipimo cha mwisho ni chupa. Jaza majani kwenye chupa ya kioo kavu, funga, iache wiki moja, uitikise kila siku na kuitazama. Ukiona jasho kwenye kioo au majani yanashikana, rudisha yote kwenye kaushio siku hiyo hiyo. Ukiona ukungu, mwaga chupa nzima. Usichambue kwa kuokoa yaliyoonekana mazima, wala usiseme utayachemsha: sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Kuhifadhi

Chupa za jemu na za kahawa zenye mfuniko unaokaza zinatosha. Mifuko ya plastiki myembamba inapitisha harufu, na wadudu wanaitoboa. Yaweke majani mazima. Uyasage unapotaka kuyatumia, kwa kuwa unga unavuta unyevu na kupoteza harufu haraka. Mlonge usagwe wa wiki mbili tatu tu, kwenye kinu kikavu au blenda, uchekechwe, ufungwe. Kabati lenye giza mbali na jiko ndilo mahali pake; ile rafu nzuri juu ya jiko ndiyo mbaya kuliko zote.

Andika jina na tarehe. Majani makavu yanafanana, na mtu anayekausha pia mwarobaini kwa ajili ya maharage ghalani hatapenda kuukuta kwenye chai ya wageni. Ukiogopa mayai ya wadudu, fungia chupa kwenye friza siku tatu, kisha iache nje irudi kwenye joto la kawaida ikiwa bado imefungwa, mpaka jasho la nje likauke, ndipo uifungue.

Kwenye kupika, kijiko kimoja cha majani makavu kinashika nafasi ya vijiko vitatu vya mabichi. Mchaichai mkavu utie maji yakiwa yanachemka, ufunike dakika tano au zaidi. Mnanaa utie baada ya kuepua. Majani yaliyohifadhiwa vizuri yanadumu kati ya miezi sita na mwaka. Yasuguliwe kiganjani: yakinukia tumia, yasiponukia yapeleke kwenye shimo la mboji.